Msuli unaotuna ukishika nyundo si wa kushikia

*“Nina miaka 38, ni fundi wa kufunga makabati. Kwa miezi miwili sasa mkono wangu wa kulia unauma, vidole viwili chini ya kiwiko, upande wa nje. Nikiminya kitu au nikiinua birika, maumivu yanavuta kuelekea kifundo. Hapo karibu pana msuli unaotuna nikishika nyundo, na wa kulia ni mkubwa kuliko wa kushoto. Mwenzangu wa mazoezini anasema ndio msuli wa kushikia vitu, kwamba umedhoofika, akanipa mpira wa kuminya. Naminya mara 200 kila siku na naona hali inazidi. Wiki tatu hizi mgongo wa dole gumba nao unakufa ganzi, hasa jioni. Mzee mmoja kazini ameniambia mshipa umepanda juu ya mfupa, nikandwe kwa nguvu urudi. Msuli huu ni upi na kazi yake nini? Niendelee na mpira? Kuacha kazi siwezi. Nisisahau: mkono huohuo navaa saa ya mkanda wa chuma, naipandisha juu na kuikaza ili isigonge mbao.”*

Ndugu yangu, umeniletea matatizo mawili ukidhani ni moja. Kuna maumivu ya karibu na kiwiko, na kuna ganzi ya dole gumba. Yote yako kwenye mkono mmoja na yamefuatana kwa wiki chache, kwa hiyo ni rahisi kuyafunga pamoja, na ule msuli unaotuna ukashtakiwa kwa sababu tu ndio unaoonekana. Kwa maelezo yako, nadhani msuli huo hauna hatia katika tatizo la kwanza. Katika la pili, naishuku saa yako. Na ahsante kwa kutosahau kuitaja. Watu wengi huona jambo kama hilo ni dogo mno kulitamka mbele ya mtaalamu.

Kwanza tuliweke sawa neno “mshipa”. Katika mazungumzo ya kila siku tunaita mshipa karibu kila kitu chembamba na kirefu kinachopita chini ya ngozi: njia ya damu, neva inayopeleka hisia, hata kano inayofunga msuli kwenye mfupa. Mtu akisema mshipa umeshika au umepanda, maumivu ni ya kweli, ila bado hatujui ni kitu gani kimeshika. Mahali unapopaonesha hapana kano wala neva ya kupanda juu ya mfupa ikakaa huko miezi miwili ikisubiri kurudishwa. Kukandwa taratibu kwenye nyama ya msuli hakuna ubaya, huweza kukupa nafuu ya saa chache. Kukandwa kwa nguvu mpaka ung'ate meno, juu ya mkono ambao tayari una neva yenye hasira, hilo nakuomba ulikatae kwa heshima zote.

Sasa tuutafute huo msuli. Kaa kitini, kunja kiwiko kama pembe ya mraba, dole gumba likitazama juu kana kwamba unataka kumpa mtu mkono. Ingiza ngumi chini ya ukingo wa meza usukume juu kana kwamba unataka kuinyanyua. Tazama upande wa dole gumba, kuanzia juu kidogo ya kiwiko: ukuta mrefu wa nyama umesimama. Ndio huo. Wataalamu huuita brakioradialisi, jina linalotaja tu ncha zake mbili: mkono wa juu, na radiasi, yaani ule mfupa wa kigasha (sehemu ya mkono kati ya kiwiko na kifundo) ulio upande wa dole gumba. Unaanzia juu kuliko watu wanavyodhani, kwenye ukingo wa nje wa mfupa wa mkono wa juu, kabla hujafika kiwikoni. Unapita mbele ya kiwiko, nyama yake inaishia kama katikati ya kigasha, kisha unageuka kano bapa na ndefu inayojifunga kwenye radiasi karibu kabisa na kifundo cha mkono. Muuguzi akikupima mapigo ya moyo pale kifundoni, vidole vyake vinakaa kwenye kijibonde kilicho upande wa ndani wa kano hiyo. Njia ya damu anayoihisi imeshuka ikiwa imefunikwa na msuli huuhuu.

Karibu na kifundo, nimesema. Haukivuki. Na hapo ndipo maelezo ya mwenzako wa mazoezini yanapoanguka. Msuli ni kamba: kazi yake ni kuvuta ncha zake mbili zikaribiane. Hauwezi kukunja kiungo usichokivuka. Brakioradialisi unavuka kiwiko tu. Haufiki kwenye kiganja, haufiki kwenye kidole hata kimoja. Wenye kufunga ngumi ni misuli mingine, iliyolala upande wa ndani wa kigasha, ambayo kano zake hupita chini ya kifundo na kwenda vidoleni.

Utaniuliza, mbona basi nikishika nyundo unatuna? Kwa sababu nyundo huishiki ukabaki umeishika. Unaiinua, kiwiko kimekunjwa, dole gumba juu, na huo ndio mkao ambao msuli huu unaupenda kuliko yote. Ukitaka kutenganisha mambo, laza kigasha chote mezani, legeza kiwiko, halafu minya ule mpira wako. Kitakachokaza zaidi ni nyama ya upande wa ndani, pamoja na nyama ya mgongo wa kigasha iliyo nyuma tu ya brakioradialisi. Huo wenyewe unaweza kukaza kidogo, maana mwili hupenda kusaidiana, lakini hautasimama kama ulivyosimama chini ya meza.

Hiyo misuli ya mgongo wa kigasha ndiyo ninayoishuku. Kazi yake ni kuinua kifundo, na inahusika na kushika kwa sababu ambayo haionekani mara moja. Misuli ya vidole ikivuta ili ufunge ngumi, ingekikunja na kifundo pia. Ngumi ambayo kifundo chake kimekunjika ndani haina nguvu. Jaribu kushika kalamu kwa nguvu huku kifundo kimekunjwa mpaka mwisho, utaona inavyoponyoka. Ili hilo lisitokee, misuli ya kuinua kifundo hukaza wakati uleule kukizuia. Kwa hiyo kila mminyo wa mpira ni kazi ya pande mbili, na upande wa nyuma huchoka upesi zaidi. Mara 200 kwa siku, juu ya siku nzima ya bisibisi na kubeba mbao: hapo hukuwa unaimarisha msuli dhaifu, ulikuwa unaongeza mzigo kwenye kano iliyokwisha kulemewa.

Kano hizo huanzia kwenye kinundu cha nje cha kiwiko na ukingo ulio juu yake, bega kwa bega na brakioradialisi, na ndiyo maana ni rahisi kumlaumu jirani. Maumivu ya hapo yanaitwa kiwiko cha mcheza tenisi. Jina hilo limedumu tangu miaka ya 1880 na linawaonea watu, maana wengi wanaoyapata hawajawahi kushika raketi. Na ingawa mwanzoni iliaminika kuwa ni uvimbe wa moto ndani ya kano, uchunguzi wa kano zenyewe umeonesha mara nyingi nyuzi zilizochakaa na kujipanga ovyo kuliko uvimbe. Hilo lina maana kubwa kwenye tiba, nitalirudia.

Turudi kwa brakioradialisi, kwa sababu uliuliza kazi yake na inastahili jibu kamili. Ni mmoja wa misuli mitatu mikubwa inayokunja kiwiko. Bisepsi, ile ya mbele ya mkono wa juu inayopendwa na wapiga picha, hufanya vizuri kiganja kikitazama juu. Chini yake kuna msuli mnene usioonekana sana, ambao hukunja kiwiko kiganja kikiwa upande wowote. Huo ndio mtumwa wa kila siku. Brakioradialisi huja kwa nguvu kiganja kikiwa kati, dole gumba juu: kuinua kikombe kwa mkono wake, kupandisha begi mezani, kunyanyua nyundo. Ukikunja mkono polepole bila mzigo, kiganja juu, unaweza kuukuta umelala kabisa. Ongeza uzito au fanya haraka, unaamka.

Watu hupenda kueleza nguvu yake kwa mfano wa mlango: bisepsi imejifunga karibu na bawaba, sentimita chache chini ya kiwiko, na brakioradialisi umejifunga mbali, karibu na kitasa, kwa hiyo una nguvu zaidi. Mfano huo una kasoro. Mkono ukiwa umenyooka, kamba hii imelala sambamba na mfupa, na sehemu kubwa ya mvuto wake huenda kuusukuma mfupa kwenye kiungo badala ya kuukunja. Si nguvu iliyopotea, kwani ukining'iniza ndoo nzito, uzito unataka kukivuta kiwiko kiachane, na mbano huo husaidia kukituliza. Ila faida ya kukunja huja pale kiwiko kinapokaribia pembe ya mraba, kamba inapoachana na mfupa kama uzi wa upinde. Hapo ndipo inapopata umbali wake wa kuvutia, mkubwa kuliko wa bisepsi, ingawa msuli wenyewe ni mwembamba.

Vitabu vya zamani viliuita msuli mrefu wa kugeuza kiganja juu. Jina likaachwa, na kwa haki. Kiganja kikiwa kimetazama chini, husaidia kukirudisha kati. Kikiwa kimetazama juu, husaidia kukirudisha hapohapo kati. Kwa fundi hili lina faida. Ukikaza skrubu kwa mkono wa kulia, kazi kubwa ya kugeuza ni ya bisepsi na msuli mdogo uliojificha karibu na kiwiko, na bisepsi hugeuza vizuri zaidi kiwiko kikiwa kimekunjwa. Ukinyoosha mkono ndani ya kabati ukakaza skrubu ya mbali, unaipokonya bisepsi uwezo wake, na kigasha kinalipa. Sogeza mwili, sio mkono.

Kuna jambo moja la ajabu kidogo ambalo nalipenda, univumilie. Watu walioumia uti wa mgongo sehemu ya chini ya shingo wanaweza kubaki na uwezo wa kukunja kiwiko huku vidole vimepooza. Kwa baadhi yao daktari wa upasuaji wa mikono huikata kano ya brakioradialisi pale chini, akaiunganisha na kano ya kukunja dole gumba. Kiwiko kinaendelea kukunjwa na ile misuli mingine miwili, na mtu anaweza tena kubana karatasi au kijiko. Mwenzako wa mazoezini angekuwa sahihi kabisa, kama angekuwa anazungumzia mkono uliofanyiwa upasuaji huo.

Haya, jipime. Kwanza rudia lile jaribio la meza, dole gumba juu, ukisukuma kwa nguvu. Kama maumivu yako hayaji au ni madogo, brakioradialisi umeachiwa huru. Kisha laza kigasha mezani kiganja kikitazama chini, mkono wa kushoto ukandamize mgongo wa kiganja cha kulia huku ukijaribu kukiinua. Halafu kandamiza kidole cha kati peke yake, ukijaribu kukiinua kikiwa kimenyooka. Maumivu yakija palepale unapoyajua, misuli ya kuinua kifundo au kano zake ndizo zinazolalamika. Umesema birika na kuminya ndivyo vinavyokuumiza, nami nategemea utapata jibu hili la pili. Mimi sijakugusa, hivyo chukua hilo kama kisio la mtu mwenye uzoefu; mtihani wa meza si kipimo cha kliniki.

Ganzi sasa. Chini ya brakioradialisi, kama mtu anayetembea kivulini chini ya ukuta, hupita tawi la neva ya radiali. Tawi hili halina amri kwa msuli wowote; kazi yake ni hisia tu, za mgongo wa dole gumba na sehemu ya mgongo wa kidole cha shahada na cha kati. Kwenye theluthi ya chini ya kigasha, sentimita 8 au 9 juu ya kifundo, hutoka kivulini kwa kupenya kati ya kano ya brakioradialisi na kano ya jirani yake, likaja kukaa juu juu chini ya ngozi. Kiganja kinapogeuka chini, kano hizo mbili husogeleana na kuibana neva kama mkasi. Daktari Robert Wartenberg alieleza hali hii mwaka 1932, na tangu hapo inajulikana kwa jina lake. Visababishi vyake vya kawaida ni vya kuchosha kwa udogo wao: bangili inayobana, pingu, ukingo mgumu wa glovu, na saa iliyokazwa. Wewe umeipandisha saa juu, ukaikaza, kisha unageuza kiganja siku nzima. Usingeweza kulenga vizuri zaidi.

Ganzi hiyo inatofautiana na ile inayosababishwa na neva kubanwa ndani ya kifundo, ambayo hukamata upande wa kiganja wa dole gumba na vidole viwili vya jirani, na kumwamsha mtu usiku akikung'uta mkono. Inatofautiana pia na ile inayotoka shingoni, ambayo kwa kawaida hufuatana na maumivu ya shingo au bega na huteremka mkono mzima. Ndiyo maana daktari atakugonga kwa nyundo ndogo ya mpira juu ya kano ya brakioradialisi. Mkono ukiruka anajua njia ya neva za tano na za sita za shingo inafanya kazi. Gonga wewe mwenyewe, kwa kidole, mahali saa inapokaa. Ukisikia mchomo unaokimbilia dole gumba, jibu umelipata.

Ya kufanya, basi. Saa ivue leo, au ihamishie mkono wa pili na uilegeze. Neva iliyobanwa kwa wiki tatu kwa kawaida huanza kutulia ndani ya wiki chache, na inaweza kuchukua miezi kumaliza. Usikate tamaa siku ya nne.

Mpira uache kwa sasa. Kazi usiache: kano haiponi kwa kulazwa, hudhoofika. Punguza kinachochokoza. Inua vitu kiganja kikitazama juu au dole gumba juu, si kiganja chini. Tumia bisibisi ya mpini mnene, na ya umeme kama unayo. Kisha uipe kano mzigo wa kupimwa. Laza kigasha mezani, kiganja chini, kifundo kikitokeza nje ya ukingo, shika uzito wa kilo moja au nusu yake, uushikilie bila kusogea sekunde 30 hadi 45, mara nne au tano, siku hadi siku. Maumivu ya kiasi, tuseme tatu kwa kumi, yanaruhusiwa ikiwa kesho yake asubuhi yametulia. Baada ya wiki mbili anza kuushusha na kuupandisha uzito polepole sana, ukiongeza kidogokidogo. Ni kazi ya miezi mitatu, sikufichi.

Utashauriwa sindano ya steroidi kwenye kiwiko, na itakupa wiki kadhaa tamu. Lakini kumbuka nilichosema kuhusu nyuzi zilizochakaa: dawa ya kuzima uvimbe haitengenezi uchakavu. Utafiti wa Australia uliochapishwa mwaka 2013, wenye wagonjwa 165, ulikuta kwamba baada ya mwaka maumivu yaliwarudia 54% ya waliochomwa steroidi, dhidi ya 12% ya waliochomwa sindano isiyo na dawa. Mimi singeanza nayo. Mkanda wa kubana kigasha chini ya kiwiko huwasaidia wengine, ila wewe mwenye neva iliyokwisha kubanwa nakushauri uuweke kando kwanza. Vidonge vya maumivu ni vya siku chache za kukuwezesha kulala, na mwenye vidonda vya tumbo au figo zenye shida aulize kabla ya kumeza.

Ule utofauti wa ukubwa usikusumbue. Mkono unaopiga nyundo miaka mingi hukua kuliko mwenzake, na ukilegeza mkono msuli hulainika. Uvimbe ambao haulainiki mkono ukiwa umelegea, au unaokua wiki hadi wiki, huo upeleke ukaonwe.

Mtafute daktari au mtaalamu wa fiziotherapia ana kwa ana kama ganzi bado ipo wiki sita baada ya kuvua saa, au ikiwa imeenea mpaka kwenye kiganja, au inafuatana na maumivu ya shingo. Nenda mapema zaidi, ndani ya siku chache, ukiona kifundo au vidole vinashindwa kuinuka; tawi la hisia haliwezi kufanya hivyo, kwa hiyo shida itakuwa imepanda juu zaidi kwenye neva. Na nenda siku hiyohiyo kama kigasha kimevimba kikawa kigumu na kinauma kupita kiasi, hasa baada ya kugongwa au kubanwa, kama kiwiko kimekuwa chekundu na una homa, au kama baada ya mazoezi makali mkojo umegeuka rangi ya kahawia.

Ukifika kliniki, usiseme mkono wote unauma. Onesha kwa kidole kimoja mahali maumivu yanapoanzia, halafu kwa kidole kimoja tena mahali ganzi inapoishia, na uichukue ile saa wakaione.